Kubadilisha bushi za sabufremu na difu kwenye BMW E46: mwongozo kamili

Kuna mlio ambao wenye E46 (ile BMW 3 Series iliyoishia 2006) wengi wameuzoea mpaka hawausikii tena. Unatoka kwenye taa, unakanyaga mafuta, chini ya kiti cha nyuma kunapiga "kong". Unaachia mafuta, "kong" nyingine. Fundi wa kwanza atasema ni shokapu, wa pili atasema linki za stabilaiza. Unabadilisha vyote viwili, pesa zinakwenda, mlio uko palepale. Mara nyingi anayegonga ni sabufremu yenyewe, au difu iliyoning'inia ndani yake, yaani ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Sabufremu ni ile fremu ya chuma iliyobeba difu na aam zote za nyuma, yaani mikono inayoshika magurudumu. Imefungwa kwenye sakafu ya gari kwa bolti nne, na kila bolti inapita katikati ya bushi kubwa ya mpira. Difu nayo imeshikiliwa na bolti tatu zenye bushi zake. Jumla ni bushi saba. E46 zilitengenezwa hadi 2006, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa mpira wake umeshakula miaka. Usidanganywe na kilomita chache kwenye dashibodi: mpira unazeeka kwa joto na kwa oili ya difu inayovuja, hata gari likiwa limelala.

Gari hili lina jambo jingine linaloifanya kazi hii isiahirishwe. Bati la sakafu pale sabufremu inapofungwa linajulikana dunia nzima kwa kupasuka. Kila unapokanyaga na kuachia mafuta, sabufremu inavuta bati mbele na nyuma. Bushi ikiwa nzima inameza sehemu ya pigo. Ikiwa imekufa, pigo lote linaishia kwenye bati. Kwa hiyo unaposhusha sabufremu umepata nafasi ya kuiona sakafu, na ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi hii kuliko kuua mlio.

Kuhakikisha kabla ya kufungua

Weka gari juu ya stendi, ingia chini na tochi na mtaimbo mfupi. Ingiza mtaimbo kati ya sabufremu na bodi karibu na kila bushi, kisha bonyeza taratibu. Bushi nzima inacheza kidogo na kurudi. Bushi iliyokufa inaachia mwanya unaouona kwa macho, au mpira umeachana na chuma na ufa unazunguka kama pete. Fanya hivyo hivyo kwenye difu: ishike kwa mikono miwili, isukume juu na chini. Ikicheza kama jino bovu, umepata jibu.

Jaribio la pili linataka mtu wa pili. Gari likiwa chini kwenye tairi zake, mbele pamewekwa vizuizi, yeye akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha gia ya otomatiki kutoka D kwenda R na kurudi. Wewe simama pembeni, sikiliza. Usiingie chini ya gari linalounguruma likiwa kwenye gia, hata breki ikiwa imekanyagwa na ndugu yako wa damu.

Dalili za barabarani ni mkia unaotikisika ukiachia mafuta kwenye kona, na tairi za nyuma kuliwa upande wa ndani hata baada ya alaimenti. Lakini hizo zinaweza pia kutoka kwenye bushi za treilingi aam (mikono mirefu ya nyuma inayofungwa kwenye bodi kwa mbele), ambazo ni jambo jingine. Ukishusha sabufremu, zibadilishe nazo kwa safari moja. Ni bei ndogo ukilinganisha na kurudia kazi.

Mpira au poli?

Swali hili naulizwa kila mara: "Kaka, si bora niweke poli zote nisahau?" Hapana. Poli, yaani plastiki ya poliurethani, ni ngumu, haizeeki haraka, na kwenye gari la mashindano ni sawa. Lakini kwenye difu, poli inapitisha mvumo wa gia moja kwa moja mpaka ndani. Ukienda mwendo wa 80 utasikia difu inaimba, na utaamini imeharibika kumbe ni nzima. Kwenye difu weka mpira. Kwenye sabufremu poli inavumilika, na ina faida moja ya kweli: huja vipande viwili, inaingia kwa mkono na jeki ndogo bila presi. Bado mimi kwa gari la kwenda kazini naweka mpira kotekote, wa Lemförder au wa BMW wenyewe.

Angalia pia unachouziwa. Niliwahi kuletewa bushi zenye boksi zuri kabisa, nembo imechapwa sawasawa, lakini ukizikunja kwa vidole mpira unaachia gamba kama ganda la chungwa. Bushi nzuri mpira umeungwa na chuma. Huoni mwanya, na maandishi yamo ndani ya mpira au yamegongwa kwenye chuma, si stika.

Vifaa

Stendi nne imara, jeki ya chini ya magurudumu, na kama unaweza kupata ya pili, azima. Soketi za milimita pamoja na za Torx, baa ndefu, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), spana ya mabomba ya breki, msumeno wa chuma wenye blade kadhaa mpya, tindo kali, bunduki ya hewa ya moto au tochi ya gesi, mafuta ya kulegeza kutu, rangi ya kuweka alama, na sabuni ya maji.

Kisha kivutio cha bushi. Kinauzwa tayari, lakini unaweza kutengeneza: fimbo ya nyuzi ya chuma kigumu, nati ndefu mbili, wosha nene, kipande cha bomba na sahani mbili alizokukatia fundi wa kuchonga vyuma. Bomba ni kikombe cha kupokelea: kipenyo chake cha ndani lazima kizidi bushi ili bushi iingie ndani yake, na mdomo wake ukae kwenye ukingo wa sabufremu. Sahani ya kusukuma ni ndogo kuliko gamba la nje la bushi lakini kubwa kuliko mpira, ili isukume chuma na si mpira. Ukikosea hapo, mpira utanyooka na kuchanika huku gamba limekaa kimya. Chini ya nati inayozungushwa weka rilisi beringi kuukuu ya klachi. Fundi wengi hawaifikirii, lakini inapunguza msuguano sana, na fimbo haikatiki.

Kushusha

Jioni moja kabla ya kuanza, nyunyizia mafuta ya kutu kwenye bolti zote. Asubuhi, legeza bolti za tairi, nyanyua nyuma, weka stendi kwenye sehemu za kunyanyulia za bodi, si kwenye difu wala sabufremu, kwa sababu hizo ndizo zinazotoka. Weka vizuizi tairi za mbele pande zote mbili. Uzito wa nyuma ukishatoka gari litaegemea mbele zaidi, kwa hiyo litikise kabla ya kuingia chini.

Ondoa eksozi na bati la kukinga joto. Mwaga oili ya difu sasa, lakini fungua plagi ya kujazia kwanza. Ikiwa haifunguki, ni afadhali ujue wakati oili bado imo. Nimeona mtu amemwaga oili yote halafu plagi ya juu ikagoma, na gari likalala gereji siku mbili.

Weka alama za rangi kwenye flanji ya propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka mbele) na ya difu ili irudi palepale ilipokuwa, kisha fungua bolti na uifunge propela juu kwa waya, isining'inie ikaharibu jointi ya katikati. Shafti za magurudumu unaweza kuzifungua kwenye difu na kuzifunga juu kwenye aam. Hakuna haja ya kuzitoa kwenye habu.

Hendibreki inafunguliwa ndani ya gari: nyanyua kifuniko cha mkono wa hendibreki, legeza nati, kisha vuta kebo kutoka chini. Sensa za ABS zitoe kwa upole kwenye habu. Zikiganda, tumia mafuta na subira, usizivute kwa waya wake. Kama gari lina taa za zenoni, kuna sensa ya kimo iliyofungwa kwenye aam ya nyuma. Wengi huisahau, na kila mara anayelipa ni kimkono cha plastiki.

Breki: hosi inatoka kwenye bodi hadi kwenye treilingi aam, kwa hiyo kuning'iniza kalipa peke yake hakutoshi ikiwa unashusha kila kitu. Fungua bomba kwa spana yake, ziba pande zote mbili. Mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo weka tambara na maji karibu.

Springi za E46 nyuma ziko peke yake, si pamoja na shokapu. Weka jeki chini ya aam, fungua bolti ya chini ya shokapu, shusha taratibu mpaka springi ilegee, itoe. Fanya upande mmoja mmoja. Kisha ufikie viti vya treilingi aam vilivyofungwa kwenye bodi kwa bolti. Kabla ya kuvigusa, chora mstari wa rangi kuzunguka kila kimoja. Mstari huo ndio utakaokufikisha kwa fundi wa alaimenti gari likiwa linakwenda sawa.

Mwisho weka jeki katikati ya sabufremu na ubao mpana juu yake, ikiwezekana jeki ya pili kwenye difu. Fungua bolti nne kubwa na vile vishikizo vya mbele vinavyounganisha sabufremu na bodi. Shusha sentimita tano, simama, zunguka gari ukiangalia kama kuna waya au bomba ulilolisahau. Kuna moja daima. Endelea kushusha ukiwa na mtu mwingine wa kushikilia. Mzigo huu ni mzito na haulingani pande zote; ukipinduka hauna wa kuudaka.

Sakafu

Usikimbilie bushi. Chukua brashi ya waya na mafuta ya kusafishia, safisha mahali pote nne sabufremu ilipokuwa imekaa, mpaka uone rangi ya bati. Ufa mwembamba hujificha chini ya lami ya kinga, kwa hiyo ondoa lami hiyo kuzunguka kila tundu la bolti na angalia nukta za weldingi kwa tochi ya pembeni, si ya mbele. Mwanga wa pembeni ndio unaotoa kivuli cha ufa. Ng'oa pia zulia la buti na uangalie upande wa juu.

Ukikuta ufa, usifunge bushi mpya juu yake. Ufa hutobolewa kidogo kwenye ncha zake ili usiendelee, huchomelewa, kisha bati la kuimarisha huongezwa juu yake. Vibati hivyo huuzwa vikiwa vimekatwa tayari kwa gari hili. Kazi ya kuchomelea mpe mtu anayejua bati jembamba, na kumbuka tangi la mafuta na mabomba yake viko jirani. Betri itolewe, mafuta yaondolewe, na kifaa cha kuzima moto kiwe mkononi, si ndani ya gari jingine.

Kutoa bushi

Hapa ndipo siku inapoishia. Kabla ya kutoa hata moja, weka alama mbili kwenye sabufremu kwa kila bushi: uelekeo wa matundu yaliyo ndani ya mpira, na kina bushi ilipofika. Matundu hayo hayakuwekwa kwa urembo. Yanaamua bushi iwe laini upande gani na ngumu upande gani. Bushi nyingi mpya zina mshale au alama. Ilinganishe na ya zamani, piga picha.

Angalia upande wenye ukingo. Bushi inatoka kuelekea upande huo, na inarudi kutoka upande huohuo. Pasha sabufremu moto kwa bunduki ya hewa, si bushi, kaza kivutio, gonga mdomo wa sabufremu kwa nyundo nzito huku fimbo imekaza. Mara nyingi utasikia mlipuko mdogo, "pa!", na bushi inasogea milimita mbili. Hapo umeshinda, endelea kuzungusha.

Ikigoma, toboa mpira kuzunguka kwa drili mpaka kiini kitoke, ubaki na gamba la nje. Wengine wanachoma mpira kwa moto. Unatoka haraka, lakini moshi wake ni sumu na unanuka mtaa mzima, mimi niliacha. Ukiwa na gamba tupu, ingiza blade ya msumeno katikati, funga mpini, na ukate gamba kutoka ndani kwenda nje kwa mstari mmoja. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na haraka. Nilisikia msumeno umelainika nikadhani bado niko kwenye gamba, kumbe nilikuwa nimeshaingia milimita mbili kwenye sabufremu. Dalili ni rangi: gamba linang'aa tofauti na chuma cha sabufremu, na mstari mweusi mwembamba unaonekana kati yao. Ukiuona, acha. Tindo itamaliza: ipige kwenye mkato, gamba linajikunja kwa ndani na kutoka kama ganda la ndizi.

Bushi za difu zinatoka kwa njia ileile, ila ni ndogo na kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Difu ikiwa chini, angalia sili za shafti na ya propela. Ikiwa mojawapo ilikuwa inavuja, ibadilishe leo. Oili hiyo ndiyo iliyoua bushi za zamani, na itaua mpya.

Kuingiza mpya

Safisha tundu kwa sandpepa mpaka liwe laini, ondoa makali kwenye mdomo. Bushi za mpira ziweke kwenye friji ya barafu usiku kucha. Zinapungua kiasi kidogo sana, lakini hicho kidogo ndicho unachokihitaji mwanzo. Paka tundu sabuni ya maji. Usipake grisi wala oili ya injini: vinakula mpira, na bushi itakuja kuzunguka ndani ya tundu.

Panga alama, shikilia bushi kwa mkono ikae wima, anza kukaza. Robo ya kwanza ndiyo yenye maamuzi. Ikianza kwenda upande, simama, legeza, gonga iinuke, anza tena. Ukiilazimisha ikiwa imepinda itakwaruza tundu na gamba litakunjika. Sahani ya kusukuma ikae kwenye gamba la nje muda wote. Endelea mpaka ifike kwenye kina ulichokiwekea alama. Hakikisha mshale bado unaelekea pale pale. Bushi hupenda kuzunguka nyuzi chache wakati wa kuingia, na ukigundua baadaye utalazimika kuitoa.

Kurudisha

Kabla ya kupandisha, ingiza kila bolti kubwa kwa mkono kwenye tundu lake la sakafuni mpaka mwisho. Ikikwama njiani, safisha nyuzi sasa. Bolti za sabufremu nunua mpya.

Pandisha polepole, ingiza bolti zote nne nyuzi chache kabla ya kukaza hata moja. Kisha vishikizo vya mbele, difu, propela kwa alama zake, shafti, treilingi aam kwenye mstari wa rangi. Kiasi cha kukaza kila bolti kichukue kwenye kitabu cha gereji cha gari lako, kwa sababu kinatofautiana kwa ukubwa wa bolti na injini. Usikisie, na usimwachie fundi mwenye bunduki ya hewa.

Hili hapa linakosewa hata na wazoefu: bushi za aam, zile zinazopinda aam ikipanda na kushuka, zisikazwe gari likiwa limening'inia. Mpira wake umeungwa pande zote mbili. Ukikaza hewani, siku gari likikaa chini mpira unakuwa umeshasokotwa, na utachanika ndani ya miezi. Weka jeki chini ya aam, inua mpaka kimo cha kawaida cha gari, ndipo ukaze. Bushi za sabufremu bolti zake zinapita wima na hazipindi hivyo, kwa hiyo hizo unaweza kukaza zikiwa juu.

Jaza oili ya difu ya aina iliyoandikwa kwa difu yako mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia. Toa hewa kwenye breki kwa mafuta mapya ya DOT 4 mpaka pedali iwe ngumu. Rekebisha hendibreki. Bolti za tairi kaza kwa 120 Nm, kwa mkono.

Endesha kilomita chache polepole, mtaani, bila redio. Mpira mpya unanyamaza. Ukisikia "kong" bado, rudi uangalie shafti na jointi ya propela. Ikiwa kimya, nenda ukafanye alaimenti ya magurudumu manne, hata kama ulirudisha kila kitu kwenye mstari.

Baada ya kilomita mia tano hivi, liweke tena juu ya stendi. Kabla ya kwenda alaimenti huwa nachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila bolti ya sabufremu mpaka kwenye chuma cha pembeni yake. Mstari ukiwa bado umenyooka, bolti haijasogea. Kwenye gari la mwisho nililofanya, mitatu ilikuwa imenyooka na mmoja wa nyuma kulia ulikuwa umeachana kwa upana wa ukucha. Niliikaza bolti hiyo tena kwa toki, nikafuta rangi, nikachora upya.